Habari na Shughuli za Wanafunzi wa Shule Yetu ya Msingi, Ujiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota getini, kwenye vikao, mwaloni wanakoshushia samaki, na kwenye foleni ya bomba. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule. Jina la shule siliandiki kwa sababu nazungumzia watoto wa watu, na mtaa wetu ni mdogo. Hata hivyo, mengi ya haya yanaihusu shule yoyote ya msingi ya serikali katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Palipo na jambo lililokwisha kujibiwa nimetaja namba ya swali ili nisirudie.

## Habari za shule zinavyotufikia

1. Sina simu janja. Habari za shule nitazipataje?

Angalia kwanza ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Pili, kagua mfuko wa mtoto. Karatasi ikitoka shuleni huwa imekunjwa mara nne au tano, na mara nyingi inakaa chini kabisa ya begi pamoja na maganda ya penseli. Tatu, ulizia kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa matangazo ya kikao hupelekwa kwake pia.

Jambo hili naliwekea mkazo kwa sababu liliwahi kuniuma. Mwanangu wa kwanza alisoma shule nyingine, na tangazo la ziara ya darasa lao liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp peke yake. Simu yangu wakati huo ilikuwa kitochi. Asubuhi ile wenzake walifika na vifungashio vya chakula na chupa za maji. Yeye alifika na daftari, akabaki darasani peke yake mpaka saa nane. Alipofika nyumbani hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kwani hukutaka niende?"

Tangu niingie kwenye kamati nimeshikilia neno moja: tangazo halihesabiki kuwa limetoka mpaka libandikwe ubaoni. WhatsApp ni nyongeza. Mzazi asiye na bando ana haki sawa na mwenye nalo.

2. Kwa nini tarehe ya kikao cha wazazi haifanani kila muhula?

Kwa sababu tunafuata mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa, maana hufuata mwanga. Mbalamwezi ikishakuwa kali, taa haina nguvu, na maboti mengi hupumzika. Hapo ndipo utawakuta akina baba wamekaa mchangani wanashona nyavu.

Ukiitisha kikao wakati wa giza, baba amerudi alfajiri na amelala, mama yuko kwenye kuanika na anawaza mvua isije ikamlowanishia mzigo. Watakuja watu wachache, wengi wao wafanyabiashara na watumishi, halafu wataamua kwa niaba ya wote. Tulikwenda hivyo kwa miaka, na kila mara tuliambiwa kuwa wazazi wa mwaloni hawajali elimu. Si kweli. Walikuwa kazini.

Sasa tunaangalia mwezi mwandamo, na kikao tunakiweka karibu na tarehe 13 hadi 15. Hapa Ujiji hesabu hiyo haimpi mtu shida, kila nyumba inaijua. Walimu wapya wanaotoka mikoa mingine hushangaa kidogo, kisha wakaona viti vimejaa na akina baba wamesimama hadi dirishani. Mwezi wa Ramadhani kikao hufanyika asubuhi.

3. Nani anaruhusiwa kutangaza kwenye kundi la wazazi?

Mwalimu mkuu, mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo, na mwenyekiti wa kamati. Wengine tunauliza na kuchangia. Habari ya mtoto aliyeugua, aliyeadhibiwa au aliyefeli haiwekwi pale kabisa. Kuhusu picha, tazama swali la 16.

4. Nikimuuliza mtoto "leo mmefanya nini?" ananijibu "hamna". Nifanyeje?

Muulize jambo dogo. "Leo nani alipiga kengele?" "Mche wako umetoa jani?" "Mmeimba wimbo gani mstarini?" Mtoto huanzia hapo na kuendelea mwenyewe. Bibi mmoja wa mtaa wa pili hamuulizi mjukuu wake neno lolote. Anampa mchele achambue, na kufikia ungo wa pili amekwisha sikia habari za shule nzima.

## Michezo, klabu na ziara

5. Michezo haimpotezei mtoto muda wa kusoma?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mwulizaji huwa anampenda mwanawe, kwa hiyo nalijibu kwa uzito wake.

Michezo, sanaa na klabu zimo kwenye ratiba ya shule. Hazikuingizwa na mwalimu mmoja mwenye mapenzi na mpira. Mazoezi ya kawaida hufanyika baada ya vipindi, na mtoto anayerudi nyuma kwenye masomo huzungumzwa kwanza na mwalimu wake wa darasa, kisha na mzazi. Hatumfukuzi kwenye timu siku hiyohiyo, kwa sababu tumeona mtoto anayeondolewa uwanjani huanza kuondoka na shuleni pia.

Kuna mvulana mmoja wa darasa la sita ambaye kusoma kwa sauti kulikuwa mateso kwake. Aliwekwa kuwa msomaji wa majina ya wachezaji kabla ya kila mechi. Alianza kwa kuyakariri usiku ili asiaibike. Leo anasoma tangazo lote la mstarini, polepole, na hakuna anayemcheka. Sidai kwamba kila mtoto atafunguka kwa njia hiyo. Ila yule alifunguka uwanjani, na sisi sote tulikuwepo.

6. UMITASHUMTA ni nini, na mtoto anachaguliwaje?

Ni Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Wa sekondari wana UMISSETA. Mashindano huanzia shuleni, yanapanda ngazi ya kata, halmashauri, mkoa, hadi taifa, na kilele chake huwa katikati ya mwaka. Kuna soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono, riadha, pamoja na kwaya na ngoma.

Kila ngazi inachagua timu mpya kutoka kwa walioshindana. Mtoto akivuka kata, anakwenda kuchezea manispaa pamoja na watoto wa shule nyingine, na akivuka hapo anavaa jezi ya mkoa wa Kigoma. Mwaka 2022 fainali za kitaifa zilifanyika kwa jirani zetu Tabora. Kwa mtoto wa Ujiji ambaye hajawahi kuvuka Uvinza, safari yenyewe ni somo la jiografia.

Habari mpya ya kwetu: wasichana wa netiboli wamevuka ngazi ya kata. Walifanya mazoezi pekupeku kwenye uwanja wenye changarawe, na goli la upande wa mashariki ni pete ya nondo iliyochomelewa na mzazi fundi bila malipo. Mfungaji wetu ni mfupi kuliko wote kwenye timu. Anarusha mpira akiwa amefumba jicho moja.

7. Mwanangu akichaguliwa kwenda kambini, nani anagharamia, na nani anamwangalia?

Timu inayokwenda ngazi ya juu husafiri na walimu, wakiwemo walimu wa kike kwa ajili ya wasichana. Gharama za timu ya halmashauri au mkoa hazimwangukii mzazi mmoja mmoja. Wewe utaandaa vitu vya mtoto: shuka, sabuni, mswaki, nguo za kubadili, na dawa kama anazo anazotumia. Ukiombwa fedha nyingine, uliza imeamuliwa na kikao gani (swali la 11).

Kabla hajaondoka, saini karatasi ya ruhusa na uandike namba ya simu inayopokelewa usiku. Kama mzazi yuko ziwani, weka namba ya jirani.

8. Mazoezi yanagongana na madrasa. Mtoto achague nini?

Asichague. Watoto wengi hapa wanakwenda chuoni alasiri, na hilo linajulikana. Mwambie mwalimu wa michezo siku za madrasa, naye atampangia siku nyingine au Jumamosi asubuhi. Wako wachezaji wazuri wanaofanya mazoezi mara mbili tu kwa wiki kwa sababu hii, na hawajaachwa. Kinacholeta shida ni mtoto kuaga nyumbani kuwa anakwenda madrasa, chuoni akasema ana mazoezi, na kumbe yuko forodhani. Hapo mwalimu, ustadhi na mzazi wanapaswa kuwa na namba za simu za kila mmoja wao.

9. Klabu ya mazingira inafanya nini hasa? Naona mtoto anarudi na matope.

Matope yanatoka kwenye kitalu. Watoto hujaza udongo kwenye viriba, huotesha mbegu, humwagilia na kuondoa magugu, kisha miche mingine hupandwa shuleni na mingine hupelekwa nyumbani. Kila mtoto ana mche wenye jina lake, limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka chupa ya maji.

Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, kazi inakuwa ngumu. Bomba likikauka, watoto huja na maji kwenye vidumu vya lita tatu kutoka nyumbani. Mama mmoja aliniambia binti yake anakataa maji ya kuoshea mboga yasimwagwe, "ni ya mwembe wangu." Upandaji wenyewe tunasubiri mvua zishike, kuanzia Novemba. Ukipanda mapema kwa ajili ya kupigwa picha, unaua miche.

Kwa mkoa wetu jambo hili lina historia. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe, na mwaka 1991 alianzisha Roots & Shoots mpango wa vijana wa kutunza mazingira na wanyama, akiwa na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam. Vikundi vya wanafunzi vya mtindo huo sasa viko nchi nyingi duniani. Alipofariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, watoto wetu waliuliza kama ni yule bibi wa sokwe. Ndiye. Alianzia kazi mwendo wa boti kutoka hapa walipo.

Safari hii pia tumeongeza miche ya michikichi. Mkoa unaisukuma sana, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kiko humuhumu Kigoma. Miti ya matunda na kivuli bado ndiyo mingi zaidi kitaluni, na kwa maoni yangu ibaki hivyo, maana uwanja wa shule unahitaji kivuli kabla ya mawese.

10. Ziara za mafunzo zinakwenda wapi?

Tunaanza na kilicho karibu. Wadogo wanakwenda kwa miguu kwenye Makumbusho ya Livingstone hapahapa Ujiji, chini ya miembe, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Watoto wanazipenda zile sanamu mbili za watu waliovua kofia. Ila mwalimu wa maarifa ya jamii huwageuza waitazame barabara waliyopitia. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo. Msichana wa darasa la tano aliuliza, "Na waliobeba mizigo walikuwa akina nani?" Kutoka hapo ndipo walipofundishwa habari za Chuma na Susi, ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 waliongoza safari ya kuubeba mwili wake hadi pwani. Swali lile moja liliifanya ziara nzima.

Darasa la sita na la saba huenda mjini Kigoma kuona stesheni ya mwisho wa reli na bandari. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Meli ya MV Liemba iliundwa Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, ikaja kuopolewa na kurudi kazini mwaka 1927. Mtoto akiisikia habari hiyo akiwa amesimama gatini, haisahau.

Gombe tunaombwa kila mwaka. Kufuatilia sokwe kuna umri wa chini uliowekwa na hifadhi, na watoto wa msingi hawafiki. Safari ya boti nayo ina masharti yake (swali la 17). Kwa sasa tunaiachia sekondari.

## Fedha na chakula

11. Elimu ni bila ada. Kwa nini bado naombwa mchango?

Ada na michango ya lazima viliondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016. Serikali hupeleka ruzuku shuleni. Wajibu wa mzazi ni sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto wa kutwa.

Mchango mwingine wowote ni wa hiari, na lazima uwe umeamuliwa na wazazi kwenye kikao, ukaandikwa kwenye muhtasari na kupata kibali cha ngazi za juu. Kwa hiyo ukiombwa fedha, uliza mambo mawili: kikao cha tarehe gani, na risiti iko wapi? Kuuliza hivyo si ukorofi. Mwalimu mwadilifu hupenda kuulizwa, kwa sababu kunamlinda na yeye.

Mahafali ya darasa la saba ndiyo yanayoleta maneno kila mwaka. Msimamo tuliofikia ni huu: mahafali yafanyike kwa kiasi kilichopatikana. Keki si lazima. Hakuna mtoto atakayenyimwa kukaa mbele na wenzake kwa sababu ya fedha.

12. Nisipochangia, mtoto atarudishwa nyumbani?

Hapana. Mtoto haadhibiwi wala kurudishwa kwa sababu ya mchango. Akirudishwa, nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Usiporidhika, nenda kwa afisa elimu kata.

13. Mpango wa uji unaendeleaje?

Unaendelea, na naueleza kwa kirefu kwa sababu umetutoa jasho. Uji ni wa mahindi, hupikwa na akina mama wawili kwa zamu, na hutolewa saa nne. Mzazi anaweza kuchangia fedha, mahindi, kuni au kazi. Kutoa njia nne ndiko kulikookoa mpango wenyewe.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Sababu ilieleweka, lakini nyumba nyingi za wazazi wetu zilikosa fedha ya siku kwa siku. Tungeshikilia fedha taslimu, sufuria ingelala. Badala yake akina baba waliokuwa nchi kavu walileta kuni na kujenga jiko la matofali lenye bomba la moshi. Kabla ya hapo wapishi walikuwa wanapika kwenye mafiga wazi na macho yao yalikuwa mekundu mpaka jioni.

Mtoto ambaye nyumbani hakikutoka kitu anakunywa kama wenzake. Vikombe vinafanana. Orodha ya waliochangia inakaa kwenye daftari la kamati, haibandikwi popote.

Walimu wanasema kipindi cha baada ya mapumziko kimebadilika. Mimi nimeona kwa macho yangu kitu kimoja tu: zamani kufikia saa tano watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamelaza vichwa juu ya madawati.

## Masomo na matokeo

14. Je, ni kweli watoto wataishia darasa la sita?

Ndiyo, kwa mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Ulianza kutumika Januari 2024. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule ndio wa kwanza kuishia la sita, na watafika hapo mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka ule wanaendelea hadi la saba kwa utaratibu wa zamani, nao watamaliza mwaka huohuo wa 2027. Kwa hiyo madarasa mawili yatatoka pamoja. Mwenye watoto wawili waliofuatana ajipange kwa sare mbili za sekondari.

15. Shule yetu ni ya ngapi kitaifa?

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora tangu Januari 2023. Matokeo ya kila shule bado yanapatikana kwenye tovuti ya NECTA, na nakala hubandikwa ubaoni. Badala ya nafasi, mwulize mwalimu mkuu: mwaka jana wangapi hawakujua kusoma vizuri, na mwaka huu wamebaki wangapi? Jibu lake litakueleza zaidi.

## Usalama na mambo magumu

16. Shule inaweza kuweka picha ya mwanangu mtandaoni?

Kwa ruhusa yako tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto ni taarifa binafsi. Mwanzo wa mwaka utapewa fomu. Ukikataa, mtoto atashiriki kila kitu kama kawaida, ila picha yake haitatumwa. Nasi wazazi tujizuie: ukipiga picha mwanao kwenye mahafali, tazama nyuma yake kuna mtoto wa nani kabla hujairusha.

17. Kwenye ziara ya ziwani watoto wanaruhusiwa kuogelea?

Hapana, hata wanaojua. Watoto wetu wengi wamezaliwa majini na ndiyo maana wanajiamini kupita kiasi. Ziwa hili kina chake kinafika karibu mita 1,470, na upepo hubadilika ghafla. Boti haiondoki kama kuna mtoto mmoja ambaye hajavaa jaketi okozi linalomtosha. La mtu mzima kwa mtoto mdogo halifai, linampanda usoni.

18. Mtoto haji shuleni siku za dagaa wengi. Tutafanyaje?

Tunajua anakokuwa, anasaidia kuanika au kubeba. Mwalimu wa darasa akiona siku tatu hazijajazwa kwenye mahudhurio, anatuma mtu nyumbani. Tumezungumza na baadhi ya wenye maboti wasimpe kazi mtoto aliye na sare au wa umri wa shule asubuhi, na wengi wamekubali. Kama nyumba ina shida ya kweli, njoo uiseme. Zipo familia tulizozitafutia madaftari na sare kimyakimya.

19. Sheria inasemaje kuhusu viboko?

Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama hayupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mzazi ana sababu ya kuuliza kuhusu kitabu hicho. Binafsi ningependa fimbo isiwepo kabisa, na nimelisema hilo kikaoni.

20. Mtoto ameniambia jambo baya linalomhusu mtu mzima. Nianzie wapi?

Msikilize mpaka mwisho, usimkaripie, usimwite mhusika mbele yake. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haitozwi. Au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii. Kama ni jambo la mwilini, mpeleke hospitali kabla hajaoga. Usikubali "tuyamalize kifamilia". Kamati haina mamlaka ya kusuluhisha jambo la namna hiyo na haitalipokea kama suluhu.

21. Binti aliyepata ujauzito anaweza kurudi?

Anaweza. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi shuleni. Arudi ndani ya miaka miwili. Njoo na mlezi wake kwa mwalimu mkuu, au kama anaona aibu ya kurudi palepale, omba ahamishiwe shule nyingine.

22. Mwanangu ana ulemavu. Atashiriki michezo na klabu?

Ndiyo, na UMITASHUMTA ina michezo kwa ajili yao. Tusichokuwa nacho bado ni vifaa vya kutosha. Mvulana wetu asiyeona vizuri yuko kwaya na kitaluni, anaitambua miche kwa kushika majani, na wenzake humwita awaonyeshe lipi ni gugu.

23. Mtoto katoka kijijini, anazungumza Kiha tu. Hatachekwa?

Wiki ya kwanza huenda. Walimu humkalisha na mwenzake anayekijua Kiha, na uwanjani nusu ya watoto wanakijua. Usimkataze kukizungumza nyumbani. Kiswahili atakipata kwenye rede na kombolela kabla ya muhula kwisha.

24. Mimi niko Dar es Salaam, mtoto analelewa na bibi yake. Nifuatilieje?

Mpigie mwalimu mkuu mara moja ujitambulishe, na bibi aeleze kuwa anakufahamu. Utaingizwa kwenye kundi. Ila karatasi na saini zitabaki kwa bibi, maana yeye ndiye anayejua kama mtoto amelala na homa. Ukimtumia fedha ya sare, mtumie na vocha, ili aweze kukupigia baada ya kikao kukueleza kilichozungumzwa. Kikao kijacho kitabandikwa ubaoni mwezi ukianza kujaa.